Kabini ya kujitengenezea kwenye trekta dogo: vioo kupasuka, vumbi, kelele na ukungu, na wapi pa kuanza kutafuta chanzo

Trekta dogo la nguvu farasi 25 hadi 45, la aina ya Kubota, Yanmar au Iseki, mara nyingi hutufikia likiwa na kiti, usukani na ile nguzo ya chuma nyuma ya kiti, basi. Dereva anayelima Kisongo, karibu na Arusha, mwezi wa tisa anarudi nyumbani kope zimegeuka nyeupe kwa vumbi. Anayelima Ngarenairobi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa saba anaanza kazi vidole vimekufa ganzi. Ndiyo maana watu wanamtafuta fundi wa kuchomelea, wananunua skwea paipu, wanakata vioo, na haichukui muda kabini imesimama.

Kuisimamisha si kazi kubwa. Kazi inaanza baada ya msimu mmoja: kioo kimepata ufa, mlango hautaki kufunga, vumbi limejaa ndani kuliko wakati trekta lilikuwa wazi, na dereva anashuka kichwa kinamgonga. Hapo fundi anaitwa na chupa ya silikoni, anaziba, anaondoka, na baada ya wiki chache anaitwa tena.

Nimefuata dalili moja moja hapa chini, lakini nataka msomaji ashike jambo hili mapema: matatizo mengi ya kabini za kujitengenezea yana asili mbili tu. Ya kwanza ni namna kabini ilivyofungwa kwenye trekta. Ya pili ni njia ambayo hewa inapita. Ukiona dalili, uliza hayo mawili kabla hujashika silikoni.

Kwanza kabisa, ile nguzo ya nyuma ya kiti

Hili si tatizo linaloonekana, na ndiyo sababu naliweka mbele. Nguzo ile ipo ili trekta likipinduka, dereva aliyefunga mkanda abaki na nafasi ya kuishi. Sweden ilizilazimisha nguzo hizi kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Kiwandani hupimwa kwa kusukumwa na kukandamizwa mpaka chuma kinapinda, kwa sababu kupinda huko ndiko kunakomeza nguvu ya pigo.

Sasa ukitoboa tundu kwenye nguzo hiyo ili upitishe bolti, au ukiichomelea kipande cha pembe ili kishike paa, umebadilisha chuma pale pale. Eneo lililopata moto wa kuchomelea halina tena tabia ile iliyopimwa, na linaweza kukatika badala ya kupinda. Ukikuta kabini iliyokwisha kuchomelewa kwenye nguzo, usisage sehemu hiyo ukapaka rangi ukadhani umerekebisha. Nguzo hiyo ihesabiwe imeharibika na ibadilishwe. Namna salama ni kuishika nguzo kwa klampu za U zenye raba katikati, bila tundu na bila moto.

Na kabini uliyojenga wewe, hata iwe nzito namna gani, ni kinga ya mvua, jua na vumbi. Haichukui nafasi ya nguzo. Kama nguzo yako ni ya kukunja, ikiwa ndani ya kabini ibaki imesimama na pini zake ziwe zimefungwa, na mkanda ufungwe.

Kioo kimepasuka na hakuna aliyekigonga

Hii ndiyo simu inayopigwa mara nyingi kuliko zote. "Fundi, shikamoo. Kile kioo cha mbele kimepasuka chenyewe." Karibu kila mara kuna kitu kilichokibana, na kioo chenyewe kitakuonyesha. Usikitoe haraka. Fuata ufa urudi nao nyuma mpaka ulikoanzia, kwa sababu ufa huanza pale penye taabu.

Kama umeanzia ukingoni, karibu na kona, kitoe kioo taratibu kisha pitisha kidole ndani ya mfereji wa fremu. Mara nyingi utakuta tone la kuchomelea lililobaki, dogo kama punje ya mtama, gumu, na limelala pale pale kioo kilipokaa. Kioo kinaweza kubeba uzito mkubwa ukisambaa, lakini chuma kikikigusa ukingoni kwenye nukta moja, mtikisiko wa siku chache shambani unatosha. Saga tone hilo, paka rangi, weka raba nzima. Nafasi kati ya ukingo wa kioo na chuma iwe milimita 5 kila upande, na chini kioo kikalie vipande viwili vya raba ngumu, kimoja robo ya upana kutoka kushoto na kingine robo kutoka kulia. Kioo kilichokatwa "kikae kabisa" kwenye fremu ni kioo kinachosubiri kupasuka.

Kama ufa umekatiza kioo cha mbele kwa mshazari, kona hadi kona, usilaumu kioo. Fremu inapindwa. Trekta dogo lina sehemu zinazotembea tofauti: nguzo na ekseli ya nyuma ni mwili mmoja mgumu, lakini madigadi na sakafu ya kukanyagia vimefungwa kwa bolti zake na vinacheza kivyake. Kabini iliyobanwa kwa bolti kavu nyuma kwenye ekseli na mbele kwenye sakafu inavutwa huku na huku kila tairi linapoingia kwenye tuta, na sehemu pekee ya kabini isiyoweza kupinda ni kioo.

Kipimo chake ni rahisi. Trekta likiwa sehemu tambarare, pima tundu la kioo cha mbele kona kwa kona, mishazari yote miwili, uandike. Halafu pandisha tairi moja la nyuma juu ya gogo la sentimita 15 hivi, upime tena. Vipimo vikibadilika kwa zaidi ya milimita mbili tatu, umeshampata mwizi. Dawa ni kuacha upande mmoja ushike imara na mwingine ukalie raba laini. Mimi napendelea nyuma ishike imara kwa mabano yaliyofungwa kwenye matundu ya bolti ambayo kiwanda kiliyaacha kwenye ekseli, na miguu ya mbele ikalie raba za kukalia injini za gari dogo, zinazopatikana kwenye maduka ya spea ya Arusha na Moshi, hata zilizotumika. Usizikaze mpaka zibonyee zote. Raba iliyobanwa hadi mwisho imekuwa chuma.

Halafu kuna swali la aina ya kioo, na hapa sitaki kulainisha maneno. Kioo cha dirisha la nyumba, kile cha milimita 4 kinachokatwa dukani ukisubiri, hakifai kwenye trekta. Kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye makali, na dereva amekaa sentimita arobaini kutoka nacho. Watu wanakitumia kwa sababu kinapatikana leo leo na kwa bei ndogo. Pembeni na nyuma weka kioo cha tempa, kile kinachochomwa tanurini kwa zaidi ya nyuzi 600 kisha kupozwa ghafla kwa upepo. Kikivunjika kinamwagika vipande vidogo visivyokata sana. Mbele weka cha lamineti, yaani vioo viwili vyenye utando katikati, kama windskrini ya gari, ili jiwe likigonga kibaki kimeshikana.

Kioo cha tempa kina sharti lake: kikishapikwa hakikatwi, hakitobolewi wala hakisagwi. Kila tundu na kila kona vifanyike kabla ya tanuri. Kwa hiyo usipeleke vipimo vya karatasi. Kata plaiwudi ya unene unaolingana, iweke kwenye fremu na raba yake, ifunge, ifungue, tikisa, kisha peleka hiyo plaiwudi kwa mwenye vioo. Na fanya hivyo baada ya kazi yote ya kuchomelea kwisha, kwa sababu chuma kikipoa kinavuta, na fremu iliyokuwa sawa asubuhi jioni haiko sawa.

Mwisho kuhusu vioo: ukiona vinukta vya kahawia visivyotoka hata ukisugua, hizo ni cheche za grainda zilizojichimbia ndani ya kioo. Hazitoki tena, na kila moja imekipunguzia nguvu. Anayesaga chuma karibu na kioo akifunike kwa blanketi lililolowa au akitoe kabisa.

Kelele kuliko trekta lilipokuwa wazi

Watu wanashangaa: wamejifungia ndani, kelele imezidi. Bati tambarare la paa na la mlango linapokea mtikisiko wa injini kupitia bolti na kuugeuza sauti, na vioo vinairudisha sauti hiyo kwa dereva.

Angalia kwanza kama kelele inapanda kwenye mwendo mmoja wa injini na kupungua ukiongeza au kupunguza mafuta. Injini ya silinda tatu ikizunguka mara 1,800 kwa dakika inapiga mipigo 45 kwa sekunde. Kuna bati linalopenda mpigo huo na kuitikia. Ulitafute kwa mkono: mtu mmoja ashike mafuta hapo hapo, wewe gusa paa, mlango, bati la chini ya dashibodi. Utakapobonyeza kiganja na kelele ikashuka ghafla, ndilo hilo. Libandike ukanda wa pembe kukatiza katikati, au kipande cha raba nzito kilichogandishwa eneo lote la kati. Sponji nyepesi peke yake haizimi bati linalotikisika.

Kama kelele iko mwendo wote, rudi kwenye raba za miguu ya kabini, halafu ziba matundu ya sakafu na ya bati la mbele ambamo levya (mikono ya kuendeshea), waya na mipira ya haidroliki vinapita. Tundu linaloingiza mkono linaingiza injini nzima. Usifanye mzaha na kelele hii. Desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo alama inayotumika sana kazini kama mwanzo wa hatari ya kuharibu masikio, na trekta dogo linalovuta rotaveta, yaani jembe la visu vinavyozunguka, hupita hapo kirahisi. Dereva avae vizibio vya masikio hadi kabini itakapotulia, na hata baada ya hapo kama bado mnapigiana kelele ili kusikilizana.

Mlango hautaki kufunga, au unafunguka wenyewe

Mlango ukiwa umeshuka upande wa kitasa, bawaba zimelegea au fremu ya mlango ni nyepesi kwa kioo ilichobeba. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Mlango wa kioo kitupu hadi chini unapendeza, lakini unataka bawaba tatu. Ukiwa unafunga vizuri trekta likiwa limesimama na kugoma likiwa tutani, hiyo ni ile ile habari ya fremu kupindwa.

Mlango unaofunguka wenyewe njiani ni wa kurekebisha leo, si kesho, kwa sababu chini yake kuna tairi la nyuma. Weka kitasa cha mlango wa gari chenye hatua mbili za kushika, kile ambacho hata kisipojifunga kabisa bado kinashikilia.

Maji yanaingia

Yanapoonekana ndani sipo yanapoingilia. Maji yanashuka ndani ya paipu, yanatembea kwenye bati, yanatokea mita moja mbali. Ukimwagia kabini yote mpira kwa pamoja hutajua kitu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji bila presha, aanze chini ya vioo, atulie hapo dakika kadhaa, apande kwenye raba za pembeni, halafu juu, na paa liwe la mwisho. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na utaziba pasipohusika.

Mara nyingi chanzo ni paa lililokatwa sawa na ukuta. Paa lichomoze sentimita 8 hadi 10 kila upande na ukingo wake ukunjwe kuelekea chini, ili maji yadondoke badala ya kurudi ndani kwa kufuata bati. Chanzo cha pili ni mfereji wa kioo usio na pa kutolea maji. Maji yataingia kwenye mfereji upende usipende, kwa hiyo toboa matundu mawili ya milimita 6 upande wa chini. Vivyo hivyo kwa paipu za fremu: paipu iliyozibwa juu na kuachwa wazi kidogo kwenye kiungo hunywa maji masika yote na kuoza kutoka ndani, wakati rangi ya nje bado inang'aa.

Silikoni nayo ina aina. Ile inayonuka siki inapokauka hula chuma kisicho na rangi na huharibu utando wa kioo cha lamineti ukingoni, mpaka kioo kinapata ukungu mweupe unaotambaa kuelekea ndani. Tafuta isiyonuka siki, na ipake juu ya rangi iliyokauka.

Vumbi limejaa ndani ingawa vioo vimefungwa

Hapa ndipo watu wanapotupa hela bure. Udongo wetu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni wa volkano, na wakati wa kiangazi unakuwa unga mwepesi unaopita mahali ambapo jicho halioni nafasi. Huwezi kuushinda kwa kuziba peke yake. Utaziba matundu ishirini, la ishirini na moja litaingiza vumbi lote.

Fikiria hewa inavyokwenda. Feni ya rejeta kwenye matrekta mengi inavuta hewa kutoka mbele na kuisukuma nyuma juu ya injini. Hewa hiyo, ikiwa ya moto na imebeba vumbi, inagonga bati lililo mbele ya miguu ya dereva na kutafuta upenyo: tundu la klachi, tundu la breki, uwazi wa shina la usukani. Nyuma, rotaveta au jembe linarusha vumbi jingine kwenye kioo cha nyuma. Dereva akisikia joto anafungua kioo cha nyuma kidogo. Sasa hewa ya injini inaingilia chini, vumbi la jembe linaingilia nyuma, na kabini imekuwa mfuko wa kukusanyia.

Dawa ni kuifanya kabini isukume hewa nje. Weka feni inayoingiza hewa safi kupitia filta, kwa nguvu inayozidi kidogo ile inayoweza kutoka, ili kwenye kila upenyo hewa iwe inatoka. Feni ifaayo ni ile ya ndani ya hita ya gari, yenye gurudumu la mapezi mengi ndani ya kasha, kwa sababu inaweza kusukuma dhidi ya filta. Feni ya panga kama ya rejeta inashindwa mara filta inapoanza kuchafuka. Filta ya hewa ya injini ya gari dogo, ile ya mstatili, inafaa na inapatikana kila duka la spea. Weka mdomo wa kuvutia hewa juu, chini ya ukingo wa paa, upande ulio mbali na ekzosi. Hewa ya pale juu ina vumbi kidogo kuliko ya usawa wa tairi.

Kisha jaribu kwa udi. Washa feni, funga milango yote, washa kijiti cha udi ukisogeze polepole kwenye kila upenyo ukiwa ndani: miguuni, kwenye levya, kuzunguka mlango, kona za kioo cha nyuma. Moshi ukivutwa kwenda nje, sawa. Ukirudishwa usoni kwako, hapo vumbi litaingia, na hapo ndipo pa kuziba. Kwa mlango, bana kipande cha gazeti kati ya mlango na raba kisha kivute. Kikitoka bila kubana, raba haishiki sehemu hiyo. Sehemu za levya zinazotembea zizibwe kwa ngozi laini au mpira wa tyubu uliokatwa kama soksi na kufungwa juu na chini.

Ikiwa ilikuwa sawa mwanzoni na vumbi limeanza karibuni, usifungue kitu kingine kabla ya filta. Mwezi wa nane hadi wa kumi ikung'utwe kila jioni.

Nitaje na hili, kwa kuwa mashamba ya maua na mboga kutoka Tengeru hadi Usa River yananyunyiziwa dawa mara kwa mara. Filta hii ni ya vumbi. Haizuii mvuke wa viuatilifu. Kabini zinazomlinda dereva na dawa zinajengwa na kupimwa kwa viwango vyake, zikiwa na filta za mkaa maalumu. Ukinyunyizia shamba dawa huku umekaa ndani ya kabini ya kujitengenezea, vaa barakoa na mavazi yote kama ambavyo ungevaa trekta likiwa wazi.

Joto la mchana

Jua linapita kwenye kioo, linapasha kiti na sakafu, na joto linabaki ndani. Kabini yenye kioo kila upande pasipo pa kutokea hewa itamtoa dereva nje kabla ya saa sita mchana. Ile feni ya vumbi inasaidia, mradi hewa iwe na pa kutokea juu, kwa nyuma. Paa lipakwe rangi nyeupe, na chini ya paa liwekwe plaiwudi nyembamba ikiacha nafasi ya vidole viwili. Gusa bati la mbele ya miguu baada ya saa ya kazi. Likikuunguza, joto ni la injini zaidi ya jua, na hapo pazia la dirisha halitasaidia kitu.

Ukungu kwenye kioo asubuhi

Juni hadi Agosti, Sanya Juu na Ngarenairobi, dereva anapanda na koti lililolowa umande, anafunga mlango, na kioo cha mbele kinapotea. Mvuke wa pumzi yake na wa nguo unageuka matone kwenye kioo baridi. Kufuta kwa kitambaa kunaacha michirizi ambayo jua la asubuhi linaigeuza pazia.

Peleka hewa ya ile feni moja kwa moja chini ya kioo cha mbele kwa bomba la plastiki lililotobolewa mstari wa matundu. Hewa ya nje, hata ikiwa ya baridi, hubeba unyevu wa pumzi na kuutoa. Ukitaka joto kamili, kiini cha hita ya gari kinaweza kuunganishwa kwenye mipira ya maji ya rejeta, lakini funga vali ili masika na kiangazi ukizime. Ondoa pia maturubai na magunia yaliyolowa sakafuni. Hayo ndiyo yanayotoa mvuke siku nzima.

Dereva anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu

Zima injini, fungua milango, mtoe nje. Chunguza ekzosi baadaye. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko ya petroli, lakini ndani ya kabini iliyofungwa kidogo hicho kinajikusanya. Angalia kiungo cha ekzosi kwenye injini kama kina masizi meusi pembeni, maana hapo kinavuja. Kama ekzosi inatokea ubavuni chini ya mlango, ipandishe kwa bomba hadi juu ya paa na mdomo uelekee mbali na feni ya kuingiza hewa. Na usiliwashe trekta ndani ya banda ili "lipate moto" huku dereva amejifungia.

Betri inaishiwa tangu kabini ifungwe

Fanya hesabu ya ampia. Taa moja ya halojeni ya wati 55 kwa volti 12 inakula karibu ampia 4.6. Taa nne ni ampia 18. Ongeza waipa, ongeza feni. Matrekta mengi madogo yana dinamo ndogo iliyokusudiwa kuchaji betri na taa mbili za mbele, na baadhi hayatoi hata ampia 20. Badilisha taa ziwe za LED na feni iwe na mwendo wa chini, kabla hujanunua betri kubwa. Betri kubwa kwa dinamo ile ile itachelewesha tu tatizo.

Waya za kabini zitoke kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, si upande wa swichi, na kila tundu la bati ambamo waya unapita liwe na raba. Waya unaosuguana na bati kwenye kitu kinachotikisika hivi utachubuka, na pembeni yake kuna mipira ya mafuta.

Usiku dereva anajiona mwenyewe kwenye kioo

Mwanga wa ndani na wa dashibodi unarudi. Paka fremu ya ndani rangi nyeusi isiyong'aa, taa za kazi zifungwe nje mbele ya ukingo wa paa zisimulike kioo, na taa ya dari iwe na swichi yake.

Trekta linayumba kwenye mteremko tofauti na zamani

Hii ni kweli, si hofu ya dereva. Hesabu uzito ulioupandisha. Vioo vya mita 4 za mraba, milimita 5, ni kilo 50. Paa la chuma la milimita 1.5 lenye mita 2 za mraba ni karibu kilo 24, na liko mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa. Paipu za fremu zinaweza kufika kilo 40 au 50. Umeweka zaidi ya uzito wa mtu mzima juu ya trekta jepesi, kisha unalipeleka kwenye miteremko ya Kibosho au Siha.

Punguza kuanzia juu kushuka chini. Paa la alumini la unene ule ule halifiki kilo 9. Sehemu ya chini ya mlango haihitaji kioo kizito. Polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, inatosha pale, ingawa isiwekwe mbele penye waipa kwa kuwa vumbi litaichora. Yatanue matairi ya nyuma yaachane kadiri ekseli inavyoruhusu, na mzigo wa nyuma ubebwe chini. Kabla ya kulirudisha mteremkoni, hakikisha kuna njia mbili za kutokea: mlango, na kioo cha nyuma kinachofunguka kwa ndani bila spana. Nyundo yenye ncha ifungwe mahali ambapo dereva aliyefunga mkanda anaweza kuifikia kwa mkono wowote, na aambiwe ni ya vioo vya pembeni na nyuma, kwa sababu kile cha lamineti cha mbele hakitamwachia njia hata akikipiga.